"Turbo orijino" iandikwe kwenye risiti

Wasee, ukizunguka yadi za spea hapa Kitengela, kila bloku ya Subaru ni "turbo orijino". Bado sijakutana na muuzaji anayesema, "Hii yangu ni ya kawaida tu." Maoni yangu ni kwamba tumeliamini hilo neno kupita kiasi, na wanaolipia ni vijana wa rika letu.

Mwezi uliopita binamu yangu aliniomba nimsindikize kununua injini. Forester yake ilikuwa imelala Kajiado wiki tatu. Ni turbo, na ndiyo gari anayobebea maziwa ya mama yake na ya majirani. Usicheke, hustle ni hustle. Mama aliuza ndama wawili ili ipatikane bloku. Kwa hiyo pesa iliyokuwa mfukoni ilikuwa ndama wawili, na hakukuwa na wa tatu.

"Hii ni turbo, boss. Si unaona imeandikwa EJ20?" muuzaji akatuambia.

Hapo ndipo wengi hunaswa. EJ20 ni jina la ukoo. Linakuambia injini ni ya lita mbili, silinda nne zimelala, kila silinda ina upana wa milimita 92 na pistoni inatembea milimita 75. Vipimo hivyo ni vilevile, iwe ya turbo au isiwe. Subaru walianza kuitumia kwa Legacy mwaka 1989, na jamii hiyohiyo ya injini ndiyo ilikuwa kwa Impreza ya Colin McRae iliyoshinda Safari Rally 1997. Kusema bloku ni EJ20 ni kama kusema mtu anatoka Kajiado. Sawa, lakini ni nani?

Kinachotenganisha ni kodi kamili. EJ205 na EJ207 ni za turbo, EJ204 sio. Tafuta namba iliyopigwa juu ya bloku, karibu na inapoungana na giaboksi. Pangusa grisi, mulika na tochi ya simu. Ukiona alama za grainda, au herufi zinapanda na kushuka, jua kuna mtu amepita hapo.

Kama hedi zimetolewa, angalia silinda zimeshikwa vipi. Kwa EJ207 nyingi kuna vipande vinavyozishikilia kwa juu. EJ205 haina, silinda zimesimama wazi katikati ya njia ya maji, na bado ni turbo. Kwa hiyo deki wazi haithibitishi turbo wala haiikatai.

Halafu pistoni. Za turbo huwa zimechimbwa zaidi kwa juu, ndiyo kompreshoni ishuke hadi kama 8 au 9 kwa 1. Za kawaida hukaribia 10 kwa 1. Ukisukumia turbo kwa injini ya kawaida vivi hivi, petroli inaanza kulipuka kabla ya wakati, injini inanoki, na pistoni zinaweza kupasuka. Lakini pia pistoni hubadilishwa. Ndiyo maana dalili moja haitoshi. Zinafaa zikubaliane.

Ya kwetu hazikukubaliana. Pistoni zilikuwa karibu bapa, na pale pa namba palikuwa pamekwaruzwa. Nikauliza ilitoka kwa gari gani.

"Kijana, wewe ni fundi ama polisi?"

"Mzee, hii ni pesa ya mama," binamu akamjibu, polepole.

Mzee akanyamaza, akasema yeye pia alinunua mzigo mzima, hakufungua moja moja. Mimi nilimwamini. Kuna wakora, lakini kuna pia wauzaji wanaorudia walichoambiwa na aliyewauzia. Shida ni kwamba hasara inashuka hadi kwa mtu wa mwisho, na huyo huwa ndiye mwenye pesa kidogo kabisa.

Tuliondoka bila bloku. Binamu alininunia hadi Isinya. Maziwa bado yanaenda na boda, na faida yote inaishia kwa nauli. Najua kungoja kunauma. Lakini injini ikibadilishwa, namba mpya inafaa iingie kwa rekodi za NTSA, na namba iliyokwaruzwa itakusumbua hata siku ya kuuza gari.

Kwa hiyo pendekezo langu ni rahisi. Kabla hujatuma M-Pesa, mwambie muuzaji aandike kwenye risiti kodi kamili, namba ya bloku, na kwamba isipokuwa ya turbo atarudisha pesa. Haigharimu kitu. Anayejua anachouza ataandika. Akianza kukuambia "tuaminiane tu, boss," rudi nyumbani na pesa yako.