Vijana wa Vugiri na Kufuli la Tatu

Shangazi mpenzi,

Nimefika salama na nimeshiba, ingawa kushiba kulichelewa. Basi lilinishusha Korogwe asubuhi ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi, na wewe unaijua siku hiyo: usafi kwanza, biashara baadaye. Mabanda yote yamefungwa, na mama lishe niliyemkimbilia alikuwa ameinama na fagio. Nikaomba chai. "Mpaka saa nne, mwanangu," akasema, "shika hilo reki." Nikalishika. Nilikusanya majani makavu na maganda ya machungwa mpaka mgongo ukalalamika, ndipo moto ukawashwa. Chapati mbili na chai ya maziwa, 1,500. Nilitazamia punguzo kwa kazi yangu, sikulipata, lakini alinizidishia sukari.

Bodaboda ya kwenda Vugiri kijana alianza na 15,000, nikaenda nikarudi, tukapatana 10,000. Njia inapanda, udongo ni mwekundu, na mvua ilikuwa imenyesha usiku. Kila tukifika penye kona kali naambiwa, "Shuka kidogo, dada." Nashuka, nakwea kwa miguu, namkuta juu ananisubiri huku anatafuna muwa. Hesabu yangu inaniambia kwamba sehemu nzuri ya ile nauli nimeilipia kutembea. Ila Shangazi, ukigeuka nyuma unasamehe yote. Chini kule mkonge umejipanga mistari, Korogwe imekuwa kimji cha kutia mfukoni, na tambarare inakwenda hadi macho yachoke, upande wa Handeni. Baridi nayo ilinifanya nijifunge kile kitenge ulichoniambia nisiache. Haya, ulikuwa na haki.

Karibu na kijiji tukakuta njia imejaa watu. Bibi wawili waliokuwa wanapita wakaniamkia kwa Kisambaa, "Onga mshi!" Mimi nikajibu "Shikamooni," wakacheka sana, wakaenda zao wakicheka. Mbele yao vijana wenye majembe, sepetu na makarai walikuwa wanazibua mfereji na kujaza kifusi pale maji yalipoila barabara. Msaragambo, Shangazi! Wasichana walibeba mawe kwa ngata kichwani, simu ya mtu ilining'inizwa kwenye tawi ikipiga singeli, na majembe yalikuwa yakifuata mdundo. Dereva wangu akaegesha pikipiki, akavua koti, akaingia kazini bila kuulizwa. Kumbe naye ni mwanachama wa kikundi chao cha vijana.

Kumsimamia mtu anayefanya kazi ni aibu, nikaomba jembe. Wakaniletea na gambuti, zote mbili za mguu wa kushoto. Nilifukia mashimo huku mguu wa kulia unakwenda upande wake. Aliyenipokea kwa maneno matamu kuliko wote ni mzee mwenye ndevu nyeupe, aliyekuwa akipasua mawe kwa nyundo. Wanamwita Kijana. Ana wajukuu, na mjukuu mmoja alikuwa palepale anasukuma toroli. Nikamuuliza anafanya nini kwenye kikundi cha vijana. "Barabara imeniuliza umri?" akanijibu, akaendelea na jiwe lake.

Jua lilipokuwa utosini tukaenda kula. Hapo ndipo kizaazaa. Kikundi kina sanduku la fedha lenye makufuli matatu, na funguo zinashikwa na watu watatu tofauti, ili asiwepo wa kulifungua peke yake. Kila mmoja anaweka 1,000 kwa wiki. Mpango mzuri kabisa, isipokuwa mwenye ufunguo wa tatu alikuwa harusini Mombo, na ufunguo uko shingoni mwake. Sanduku limekaa katikati yetu, limenona, na sisi tunalitazama. Mweka hazina akaenda dukani kukopa kilo ya sukari, 3,000. Mwenye duka akamwandika, na chini ya deni akaandika jina la yule bwana wa harusini.

Chakula hakikungoja ufunguo. Kulikuwa na bada la moto na mchunga, uchungu wake umetulizwa kwa nazi, halafu makande ya mahindi na maharage kwa ambao bada hawaliwezi. Mimi niliviweza vyote viwili. Parachichi zilimwagwa juu ya jani la mgomba, mtu achukue atakavyo. Kijijini wanauza 200 moja, nikakumbuka ninachotoa Dar es Salaam nikanyamaza.

Baada ya kula, mkutano, chini ya mti. Katibu alilitoa daftari kwenye mfuko wa nailoni kwa heshima kama hati ya kiwanja. Wana katiba: kuchelewa, faini 500, kutokuja bila taarifa, 2,000, simu kuita mkutanoni, 500. Ajenda kubwa ilikuwa mkopo wa halmashauri, ule wa asilimia 10 ya mapato ya ndani ambazo 4 ni za wanawake, 4 za vijana na 2 za watu wenye ulemavu. Hauna riba, nao wanataka kununua mashine ya kufyatulia matofali. Tatizo ni kwamba fomu, tofauti na barabara, inauliza umri. Sera ya vijana ya 2007 ilimweka kijana kati ya miaka 15 na 35, na kwa kipimo hicho mzee wetu alikwishatoka ujanani zamani sana. Mabishano yakawa matamu. Mmoja akasema mzee abaki mlezi. Mzee akasema mlezi hapewi nyundo. Mwishowe wakakubaliana: kwenye fomu hayumo, kwenye mawe yumo.

Hapo nikakuingiza wewe, unisamehe. Niliwaambia nina shangazi ambaye enzi zake alikuwa Rotaract, akipaka rangi madarasa na kuhimiza watu kuchangia damu, na bado anaitunza ile pini yake kabatini. Wakataka kujua hao ni nani. Nikawapa kwa ufupi ulichonisimulia mara nyingi: kwamba wazee wa Rotary ndio waliowafungulia vijana klabu yao, ya kwanza ikazaliwa Charlotte, North Carolina, Marekani, tarehe 13 Machi 1968, kwamba mtu alikuwa anaingia akiwa na miaka 18 na akifika 30 anaagwa, hata kama mikono bado ina nguvu. "Walimwaga mtu wa 30?" Mzee alishika nyundo kwa huzuni. Nikamtuliza: tangu Julai 2020 ukomo wa juu umeondolewa. Akapiga makofi, akaniagiza nikwambie kwamba huna tena kisingizio, rudi klabuni. Na kama klabu iko mbali, Vugiri wana jembe la ziada. Gambuti tu ndizo utafute mwenyewe.

Nakutumia kwa basi la kesho mkungu wa ndizi za kupika, nimeununua 6,000 baada ya kelele nyingi, na mfuko wa parachichi ngumu. Zifunike kwenye mchele ziive. Kondakta umpe 3,000, akidai zaidi mwambie nimeshaelewana naye.

Halafu kuna hili. Katikati ya mkutano, katibu akisoma kifungu cha nidhamu kwa sauti ya kimahakama, simu yangu ikaita. Ulikuwa wewe, ukiuliza kama nimekula. Faini 500, nimelipa papo hapo, na kwa kuwa sanduku halikufunguka, fedha imeingia kwenye deni la sukari. Risiti ninayo, imeandikwa jina lako. Ukimpa kondakta 3,000, hiyo mia tano niwekee pembeni.