Mtihani wa kompyuta bila kompyuta



Sisi tunaojitolea kambini, tukirudi hapa Kamenge wadogo zetu wanaosoma kompyuta sekondari wanatuuliza: kweli mtu anaweza kujifunza kuandika programu kwenye karatasi? Mashini ni chache, umeme nao unakatika.

Tunasema inawezekana, lakini si yote. Na karatasi si mambo ya maskini tu. Marekani wana mtihani wa AP wa wanafunzi wa sekondari. Somo la kompyuta lilianza mwaka 1984 kwa lugha ya Pascal, leo ni Java. Kwa miaka mingi waliandika programu kwa kalamu. Mwaka 2025 ndipo mtihani ulihamia kwenye kompyuta.

Karatasi inapima kama unaelewa. Chukua mfano: andazi moja ni faranga 200, mteja amenunua 3. Programu inaanza na jumla 0, kila mzunguko inaongeza 200. Ukiiambia ihesabu kuanzia 0 mpaka 3, itazunguka mara ngapi? Mara nne: 0, 1, 2, 3. Mteja atadaiwa 800 badala ya 600! Kosa hilo unaliona kwa penseli tu, ukiandika jumla ya kila mzunguko.

Ila karatasi haikujibu. Mashini ukisahau alama moja inakukatalia, unarekebisha, unajaribu tena. Hiyo ndiyo kazi yenyewe. Aliyekariri daftari anaweza kupata alama nzuri, halafu kazini akapewa programu iliyoharibika akabaki anaitazama. Na sisi wakimbizi wengi hatuna mjomba ofisini wa kututetea. Kinachotutetea ni kazi inayotembea.

Kwa hiyo walimu wetu, tunawaomba msiulize tu "andika programu". Ulizeni pia "hii itatoa nini?" na "kosa liko wapi?" Hata kama mashini ni moja, kila kundi lije na programu yake imeshaandikwa, lipate dakika 10 za kuijaribu. Na wasijaribu namba nzuri tu. Maandazi yakiwa 0 je? Mtu akiandika neno "tano" badala ya 5 je?

Nanyi wadogo zetu, msisubiri mashini ndiyo muanze. Mwenye programu inayomsumbua ailete Jumamosi, hata kwenye daftari. Tutaipitia pamoja, mstari kwa mstari.