Reli ya Magogo Chini ya Nyumba

Huko Michigan, Marekani, tulikaribishwa na wazee wawili, mume na mke, waliojenga reli nyembamba ya magogo katika chumba cha chini ya nyumba yao. Kila kitu kimepunguzwa mara 48. Upana wa reli ni milimita 16.5 tu. Injini ni mfano wa ile ya Ephraim Shay, aliyesajili uvumbuzi wake mwaka 1881: gia huzungusha magurudumu yote, nayo hupanda mlima mkali kwa mwendo wa kinyonga.

Kwenye kona, behewa likaacha njia. Uuguzi umetuzoesha kutazama mikono. Ya mzee ilitetemeka. Mkewe akayarudisha magurudumu relini bila neno, kisha akamwachia swichi. Mzee akaendesha. Chai yetu ilikwisha kupoa, hatukujali.