Magara Katika Daftari la Urithi wa Dunia

Zipo starehe zisizohitaji gharama ila ya daftari na kalamu. Mojawapo ni kujiandikia orodha yako mwenyewe ya maeneo ya urithi wa asili wa dunia. Orodha rasmi hutunzwa na UNESCO kwa mujibu wa Mkataba uliopitishwa Paris mwaka 1972. Majina ya kwanza yaliingizwa mwaka 1978, yakiwamo visiwa vya Galapagos na milima ya Simien huko Ethiopia. Ya kwetu yalifuata: Ngorongoro mwaka 1979, Serengeti 1981, Kilimanjaro 1987. Askari aliyehamishwa vituo vinne au vitano, pamoja na mkewe na watoto, huenda amepita karibu na maeneo hayo mara nyingi kuliko mtalii yeyote.

Hata hivyo, ukurasa wa kwanza wa daftari langu nimeuandikia mahali pasipokuwamo katika orodha hiyo. Napo ni Magara, ufukoni mwa Ziwa Tanganyika, kiasi cha katikati ya njia itokayo Bujumbura kwenda Rumonge. (Pasichanganywe na Mugara, iliyo karibu na Rumonge, penye chemchemi za maji ya moto.) Njiani utapita jiwe la Mugere, ukumbusho wa Livingstone na Stanley waliofika huko Novemba 1871; hilo nimeliweka katika daftari jingine, maana ni habari ya watu. Unapoelekea kusini, kushoto kwako milima imesimama, kulia kwako ni maji, na ng'ambo ya maji ni milima ya Kongo.

Ziwa hili lina urefu wa kilometa 670 hivi na kina cha meta 1,470. Duniani kote ni Baikal peke yake lililolishinda kwa kina. Mama wa nyumbani hulijua kwa mukeke wa kuchoma na ndagala walioanikwa, lakini hao ni samaki wa maji ya mbali. Penye miamba kama ya Magara huishi wengine, wadogo na wenye rangi nyingi, wa ukoo mmoja na perege. Ziwani mna aina zao zaidi ya 200, na karibu zote hazipatikani penginepo. Wapo wanaokwangua ukoga juu ya mawe, na wapo majike wanaotunza mayai yao kinywani hadi yaanguliwe. Wengine hawavuki hata ufuko wa mchanga kwenda mwamba wa pili.

Kwa nini basi halimo? Sehemu ya Ziwa Nyasa, kwa upande wa Malawi, iliingizwa mwaka 1984, na Baikal mwaka 1996. Maombi hupelekwa na serikali, na Tanganyika lina wenyewe wanne: Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia. Burundi iliukubali Mkataba mwaka 1982, lakini hadi mwisho wa 2025 haikuwa na eneo hata moja katika orodha hiyo. Ngoma zake ziliandikwa mwaka 2014, ila katika orodha ya utamaduni usioshikika. Msitu wa Nyungwe wa Rwanda uliingizwa mwaka 2023. Msitu uo huo, ukivuka mpaka, huitwa Kibira, nao haukuingizwa.

Mimi naona ugumu mkubwa uko mlimani. Mlima waweza kuwekewa walinzi. Ziwa hupokea kila kiteremkacho. Miteremko ikifyekwa kwa mihogo na kuni, mvua huchukua udongo hadi ufukoni. Tope hutanda juu ya mawe, ukoga hukosa mwanga, na samaki wa mwamba ule hana pa kuhamia. Anaweza kutoweka bila mvuvi kumtupia wavu. Nchi zote nne zilitia sahihi mkataba wa ziwa hili Dar es Salaam mwaka 2003, na mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi upande wake tangu 15 Mei hadi 15 Agosti. Hatua hiyo yawafaa mukeke na ndagala. Kwa samaki wa miamba, jembe linalofuata matuta ya kuzuia maji lina kazi kubwa zaidi.

Kwa hiyo mpaka wa Magara, katika daftari langu, haukuishia ufukoni. Nimeupandisha hadi kileleni, pamoja na mashamba na nyumba za watu, na pembeni nimeacha nafasi ya kuandika rangi ya maji kila nipitapo baada ya mvua za Aprili.