Theluji ya Septemba juu ya Lengalenga

Kalemie, upande wa Kongo wa Ziwa Tanganyika, mwezi wa tisa ni mwezi wa moshi. Watu wamekwisha kuchoma mapori, milima ya upande wa Tanzania haionekani tena, na asubuhi jua linachomoza jekundu juu ya ziwa. Mama yangu alikuwa na bustani nyuma ya nyumba, si mbali na pale mto Lukuga unapotoka ziwani, na kazi yake yote aliipanga kwa kuangalia huo moshi. Mwezi wa nane aligeuza udongo na kutia samadi ya mbuzi. Mwezi wa tisa alingoja. Mvua ya kwanza hakuiamini hata siku moja: aliiacha ilaze vumbi na kuamsha magugu, akayang'oa, na mvua ziliposhika kweli, mwezi wa kumi, ndipo akatupa mbegu za lengalenga, yaani mchicha, na kupanda mahindi. Kuanzia hapo mpaka mwezi wa tano nyumba yetu haikukosa mboga.

Vita vya 1998 vilipotuvusha ziwa hadi Kigoma, kalenda hiyo tulivuka nayo. Kambini Nyarugusu mvua hufuata karibu desturi ileile ya kwetu, na kila familia ilikuwa na matuta yake ya matembele na lengalenga kando ya kibanda. Nililima kama mama alivyolima, na ardhi ikaitika. Sikuwahi kufikiri kwamba mwaka unaweza kugeuzwa juu chini.

Uligeuzwa Aurora, pembeni mwa Denver, jimbo la Colorado, tulikopewa makazi. Mji uko juu mno, zaidi ya mita 1,600, mara mbili ya kimo cha ziwa letu. Huko mtu anapanda katikati ya Mei, baridi ikishaondoka, na Septemba, mwezi wetu wa kungoja, ndiyo mwezi wa kuvuna. Kwa kawaida baridi ya kugandisha hufika mapema Oktoba, na theluji ya kwanza katikati ya mwezi huo. Mimi na Wakongo wenzangu tulizoea. Lengalenga lilitupita kimo, maboga yakapanda ua wa mbao, na muhogo tulioujaribu kwa ajili ya sombe, mboga ya majani yake, ulitoa majani machache ukakata tamaa. Kila Septemba nilijaza friza ya nyumba na kugawia majirani.

Mwaka 2020 moshi ulinifuata. Tangu 13 Agosti moto uliopewa jina la Cameron Peak ulikuwa unakula misitu ya milimani kaskazini-magharibi yetu. Mwisho wake uliunguza zaidi ya hekta 80,000, mkubwa kuliko yote katika historia ya Colorado. Jumamosi ya tarehe 5 Septemba joto la Denver lilifika nyuzi 38. Majivu yalidondoka bustanini. Niliyapangusa kwenye majani ya lengalenga kwa kidole, mepesi, ya kijivu, na jua lilikuwa jekundu vilevile kama la Kalemie. Mwili wangu wote ulisema: sasa inakuja mvua ya kwanza.

Watabiri wa hewa walisema inakuja theluji. Jirani yangu mmoja, mzee wa Uvira, alikataa katakata. Joto hili, mwanangu, theluji itoke wapi? Lakini ramani zao zilionyesha hewa baridi ya Kanada ikishuka kusini kwa kasi, na Colorado haina mlima unaoizuia kutoka upande huo. Milima yake iko magharibi. Nikaamini ramani. Jumapili tulikata vichwa vya lengalenga vilivyokomaa, tukavifikicha juu ya shuka, tukapepeta kwa ungo mpaka zikabaki mbegu zenyewe, nyeusi, zinang'aa, ndogo hata zinapenya kwenye mshono wa kitambaa. Jumatatu joto lilikuwa bado zaidi ya nyuzi 30. Tulichuma nyanya zote, mbichi na mbivu, na kufunika biringanya kwa mashuka.

Usiku upepo ukageuka. Mvua ilianza, na asubuhi ya Jumanne, tarehe 8, ikawa theluji. Vipimo rasmi vya Denver viliandika inchi moja tu, kama sentimita mbili na nusu, ila kwa mmea wa joto hicho ni kifo. Mahindi yaliinama mpaka mashada yakagusa ardhi. Majani ya maboga yalishika theluji kama viganja vilivyokingwa, kisha vikonyo vikakatika. Watoto wangu walicheka na kukimbia ndani yake. Mimi nilisimama mlangoni na koo limenikaba. Theluji ilipoyeyuka, lengalenga lilikuwa limesimama vilevile lakini jeusi, majani yanateleza mkononi kama yaliyochemshwa. Ni maji yaliyo ndani ya jani: yakiganda huharibu seli zake, na hakuna jua la kuliponya. Sukuma wiki ilisalimika, tena ikawa tamu zaidi, maana baridi huifanya igeuze wanga kuwa sukari.

Nilimtumia mama picha kwa simu. Hakuuliza habari za theluji. Aliuliza kwa Kiswahili cha kwetu, ambamo kutosha ni kutoa:

"Mbegu yake ulikuwa umekwisha kutosha?"

"Nimetosha, mama. Jumapili."

"Basi ni muzuri."

Yeye mwenyewe hakuwa tena na pa kuzitupa. Mvua kubwa za mwisho wa 2019 na mwanzo wa 2020 zilikuwa zimeanza kulipandisha ziwa, na Tanganyika lina mlango mmoja tu wa kutokea, mto huohuo wa Lukuga, mwembamba. Maji mengi hupungua kwa kukaushwa na jua, ndiyo maana yakishapanda hayashuki upesi. Yaliingia bustanini taratibu, bila kishindo, yakasimama juu ya matuta aliyoyalima tangu mimi sijazaliwa. Mwaka 2024 yalipanda tena, Kalemie na Uvira na Bujumbura.

Theluji ya mapema kuliko zote iliyopimwa Denver ilianguka 3 Septemba 1961. Mwaka huo niliusikia utotoni kwa sababu nyingine kabisa: mwishoni mwake zilinyesha mvua zilizolipandisha ziwa mpaka 1964, na wazee wa Kalemie walituonyesha maji yalipofika. Tuliwasikiliza kama hadithi. Maji yaliporudi nyuma, watu walijenga na kulima ufukweni.

Siku hizi napanda mbegu ndani ya nyumba mwezi wa nne, kwenye vikopo dirishani, ili mavuno yatangulie. Mama alihamia kwa dada yangu, juu kidogo ya mji, na analima kwenye magunia yaliyojazwa udongo.

Kwa ndugu waliofika Colorado kutoka Nyarugusu: msingoje Oktoba. Ikifika wiki ya kwanza ya Septemba, kateni vichwa vya lengalenga, tosheni mbegu, zikausheni, na nusu yazo mzitume nyumbani kwa mkono wa yeyote anayekwenda huko. Kalemie wako wanaolima upya kwenye ardhi ya juu, na mbegu wanazihitaji.