0.01 si ushamba

Wasee, kuna kitu kinanikera kwenye magrupu ya foreksi na leo nitakisema. Mtu akiposti kwamba ameingia sokoni na 0.01, anachekwa. "Hiyo ni pesa ya kashata." "Buda, gari utanunua lini?" Halafu anakuja mwingine na skrinshoti ya 1.00, faida ya mamia ya dola ndani ya nusu saa, na kila mtu anatupa emoji za moto. Hakuna anayeuliza kama hiyo akaunti ni ya demo.

Haya, tupige hesabu.

Ukinunua euro kwa dola, huchukui euro mojamoja. Unachukua fungu, na fungu hilo ndilo loti. Loti nzima ni euro 100,000. 0.10 ni euro 10,000. Hiyo 0.01 mnayoicheka ni euro 1,000, yaani zaidi ya laki moja ya Kenya! Nani hapo mtaani kwenu ana laki ya kuchezea? Huna, hata mimi sina. Broka ndiye anakubeba, wewe unaweka amana kidogo tu, ndio maana inaonekana ndogo.

Bei ikitoka 1.1000 ikafika 1.1001, imesonga pipu moja. Kwa loti nzima, pipu moja ni dola 10. Kwa 0.10 ni dola 1. Kwa 0.01 ni senti 10 za dola.

Sasa binamu yangu. Anauza mashati ya mitumba Gikomba, na alikuwa ameweka kando 13,000, kama dola 100 hivi. Kwenye grupu walimwambia aingie na 0.10 "ndio aone kitu". Nilimchorea nyuma ya risiti: euro na dola zinaweza kusonga pipu 70 siku ya kawaida tu, bila habari yoyote kubwa. Zikisonga dhidi yako na uko na 0.10, dola 70 zimeenda. Hiyo ni zaidi ya 9,000, kwa siku moja. Ukiwa na 0.01 umepoteza dola 7, kama 900. Inauma, lakini kesho bado uko na akaunti.

Akaniangalia. "Kwa hivyo faida pia ni mia tisa?"

Ndio. Na hapo ndipo wale wa grupu huwa hawataki mtu afike. Dola 100 haiwezi kukulipia nyumba kila mwezi. Kupandisha loti hakubadilishi hilo, kunakuharakishia tu kumalizika.

Halafu msinielewe vibaya, 0.01 si dawa ya kila mtu. Ukiwa na dola 10 pekee, pipu 100 zinakumaliza. Kuna mabroka walio na akaunti za senti, ambapo fungu ni dogo zaidi. Lakini kabla ya kutuma hata bob moja, ingia tovuti ya CMA uangalie kama broka wako yuko kwa orodha ya waliopewa leseni.

Binamu amerudisha 10,000 kwa mashati. 3,000 bado iko kwa M-Pesa, na kwa hiyo elfu tatu, hata 0.01 nimemwambia ni kubwa.