Kabla Umvishe Punda Koti

Wiki hii inboksi yangu imejaa video moja tu. Farasi wa Uingereza wamesimama kwenye theluji, kila mmoja na koti lake safi la buluu, kamba kifuani, kamba tumboni, wanatafuna nyasi kavu bila wasiwasi wowote. Chini mmeniandikia: "Fanya hii na punda wa Kinna!" Wengine mnacheka. Wengine mko siriasi kabisa, mnauliza bei.

Sawa, tuongee. Lakini niseme msimamo wangu mapema: punda wa huku anahitaji kufunikwa siku chache sana kwa mwaka, na ni hizo siku chache zinazoweza kumuua. Kwa hivyo usianze na koti gani linapendeza. Anza na unamkinga na nini.

Mimi si daktari wa mifugo. Niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipokatika, na hata huko nilikuwa nasomea biashara. Haya nimeyapata kwa akko wangu, aliyefuga punda tangu kabla mama yangu azaliwe, kwa afisa wa mifugo niliyemsumbua na maswali hadi akanizoea, na kwa kusoma usiku wakati bando ni rahisi.

Tuanze na hao wa theluji. Koti la farasi linapimwa kwa gramu za ile pamba iliyojazwa ndani. Sufuri ni koti la mvua tu. 100 hadi 200 ni la baridi ya wastani. 300 kwenda juu ni la baridi kali. Kuna pia denia, kipimo cha uzito wa uzi wa kitambaa cha nje: 600 ni ya kawaida, 1200 ni ya farasi mtundu anayejikwaruza kwenye ua kila saa. Na koti la maana linazuia maji yasiingie, halafu linaacha jasho litoke.

Sasa hapa ndipo wengi wenu mtashangaa. Farasi mwenye afya, manyoya yake yote yakiwepo, ana pa kujificha upepo na nyasi za kutosha, mara nyingi hahitaji koti hata kule. Baridi ikija manyoya yanasimama, yanashika hewa katikati, na hiyo hewa ndiyo blanketi. Tumbo nalo ni jiko: nyasi zikichachuka kwenye utumbo mkubwa zinatoa joto. Wanaovishwa hasa ni walionyolewa kwa sababu ya kazi, wazee, wagonjwa na waliokonda. Ukimvisha kikoti chepesi farasi mwenye manyoya mazito, unayalaza yale manyoya. Umemnyang'anya blanketi lake ukampa lenye joto kidogo zaidi.

Hata hapa Kenya, panda mpaka Nanyuki, zaidi ya mita 1,900 juu ya bahari, ulale usiku mmoja wa Julai. Huko hata mimi nataka koti. Lakini Kinna si Nanyuki, na punda si farasi mdogo mwenye masikio marefu.

Punda kwao ni juani. Mwaka wa 2022 jarida la Science lilichapisha utafiti wa jenetiki ulioonyesha kwamba punda wa dunia nzima wanatokana na wale waliofugwa kwanza Afrika Mashariki, miaka kama 7,000 iliyopita. Ndugu zake wa porini bado wapo, wachache sana, pande za Ethiopia na Eritrea. Ni mwili wa jangwani. Kiu anavumilia kuliko ng'ombe wako. Jua la saa saba la Kinna analisimamia tu. Lakini manyoya yake hayamwagi maji vizuri kama ya farasi. Mvua inapenya haraka mpaka ngozini, na punda aliyelowa upepo ukipiga anapoteza joto mbio. Ndiyo maana mvua ikianza tu unawaona wamejibanza kwenye kuta za maduka, na watu wanawafukuza wakisema ni wakaidi. Si ukaidi, bana. Wanasikia baridi.

Mnakumbuka ukame ulioanza mwisho wa 2020. Misimu 5 mfululizo bila mvua ya maana. Halafu mwisho wa 2023 ikaja El Niño, barabara zikakatika, kila kitu maji. Akko alikuwa na punda wawili wakati huo, na yule jike mzee alikuwa bado hajarudisha mwili. Usiku wa tatu wa mvua alilala kwenye matope. Asubuhi anatetemeka, masikio baridi kama chuma. Tulimsugua na magunia, akko akaleta hadi blanketi lake mwenyewe la kitandani. Kufikia saa nne alikuwa ameenda.

Kuna mtu anasoma hapa anasema, pole, lakini ni punda tu. Haya, hesabu na mimi. Punda mmoja anabeba mitungi 4 ya lita 20. Hiyo ni kilo 80 za maji kwa safari moja. Mvua ilipoisha na maji ya karibu yakakauka, ile safari ilibaki palepale, wa kuibeba ndiye hakuwepo. Aliyeziba pengo ni binamu yangu wa darasa la saba, mtungi mgongoni, kamba kwenye paji la uso, akifika shule wenzake wako somo la pili. Kwa hivyo ukiniandikia "watoto hawana blanketi na wewe unavisha punda," nakujibu hivi: kwetu, punda akifa, anayebeba ni mtoto. Na mara nyingi ni msichana.

Sasa tufike kwa kuchagua.

Kwanza, mguse. Macho yanadanganya, haswa manyoya yakiwa marefu. Pitisha vidole kwenye mbavu na uti wa mgongo. Kama mifupa inakuchoma, huyo ni wa kwanza kukingwa, pamoja na wazee, wagonjwa na watoto. Aliyeshiba na mwenye mwili, mpe paa na nyasi kavu, inatosha.

Pili, paa kabla ya koti. Mabati mawili matatu, au turubai juu ya miti, upande unaotoka upepo uzibwe, na chini pawe pameinuka pasituame maji. Koti linafunika punda mmoja. Banda linafunika wote, na halifungwi kamba kila jioni.

Tatu, kitambaa. Gunia la katani likilowa linakunywa maji, linakuwa zito na baridi, kwa hivyo ni la ndani ya banda peke yake, likiwa kavu. Blanketi la kawaida ni vilevile. Karatasi ya nailoni inazuia mvua lakini inafungia jasho, asubuhi unamkuta amelowa kutoka ndani. Kama amenyeshewa, msugue kwanza mpaka maji yatoke, halafu ndiyo umfunike. Ukifunika maji umeyahifadhi tu.

Nne, kipimo. Chukua kamba, pima kutoka katikati ya kifua, pitia ubavuni, mpaka mwisho wa matako. Lisivute mabegani. Kamba za tumbo ziache nafasi ya kiganja chako kupita. Jua likitoka, livue. Blanketi saa sita mchana hapa Kinna ni mateso, na chini yake huoni kupe, vidonda wala kukonda.

Tano, usichanganye blanketi na matandiko ya mzigo. Yale ya mzigo yanatakiwa yawe mazito, safi, na yakae pande mbili za uti wa mgongo, mfupa wenyewe ubaki huru. Vidonda vingi ninavyoviona barabarani vinatoka hapo. Gunia lililobeba usaha mchana lisiwe blanketi la usiku.

Mwisho, kitu ambacho hamkuniuliza. Kuanzia 2016 yalifunguliwa machinjio ya punda hapa Kenya, moja huko Mogotio, kwa sababu ngozi yake inachemshwa huko China kutengenezea ejiao, dawa ya kienyeji. Wizi ukazidi, watu wakaamka asubuhi wanakuta mizoga imechunwa. Serikali ikapiga marufuku 2020, mwaka uliofuata mahakama ikaiondoa marufuku hiyo, na Februari 2024 Umoja wa Afrika ukakubaliana kusimamisha uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi kwa miaka 15. Yaani kuna watu wanaijua bei ya ngozi ya punda vizuri kuliko sisi tunaoishi naye. Wao wanaitaka ikitoka mgongoni. Mimi naitaka ikae hapohapo, kavu.

Kwa hivyo hapana, sitauza makoti ya buluu. Tumeshaweka mabanda mawili mtaani kwetu na Jumamosi tunaweka la tatu, kabla ya mvua za Oktoba. Kama nyumbani una turubai limechakaa au mabati yamekaa tu nyuma ya choo, nitumie ujumbe, nitakuja kuyachukua mwenyewe. Na akko amesema atawapikia chai.